Misumari Iliyokataa Kudondoka

Jumatatu, 3 Juni.

Siku njema mno! Mwalimu wa Fizikia kajifungua jana, wiki tatu kabla ya tarehe aliyopewa. Mtoto wa kike. Mungu amkuze. Asubuhi Mkuu wa shule katuita walimu wote, kauliza nani atashika Fizikia ya Kidato cha Tatu kwa wiki mbili, mpaka apatikane mwalimu wa muda. Watu wazima wakaanza kutafuta kalamu chini ya meza. Nikanyoosha mkono. Mimi, mwalimu wa Historia na Uraia! Mkuu akauliza, kwa mshangao, kama Fizikia naijua. Nikamjibu naijua nje ndani.

Siijui. Mara ya mwisho nilipofanya mtihani wake nilipata kumi na nne kwa mia, na tatu kati ya hizo zilikuwa za kuandika jina vizuri. Lakini nafasi ya mwalimu wa taaluma iko wazi. Huyo ndiye hupanga ratiba ya shule nzima. Ana ofisi yake peke yake. Mlango wake una kitasa! Mimi nimerukwa mara mbili. Mara ya kwanza nilisema sijali. Mara ya pili nilijifungia chooni nikalia, na hilo hajui mtu. Safari hii Mkuu kasema anataka mwalimu anayejitoa, na kwamba Mkaguzi akija Ijumaa ya wiki ijayo, neno lake ndilo litakaloamua.

Mshindani wangu ni mmoja tu, Mwalimu wa Jiografia. Mpole, mwandiko mzuri, hachelewi vipindi. Mtu wa hatari sana.

Jumanne, 4 Juni.

Kipindi cha kwanza. Mbinu yangu ni kusoma ukurasa mmoja mbele ya wanafunzi. Leo mkondo wa umeme. Nimeeleza kwa sauti kubwa na mikono mingi. Mambo yalikwenda vizuri kwa dakika kumi na mbili, hadi binti mmoja wa dawati la mbele aliponyoosha kidole. Wenzake wanamwita Wakili. Sasa najua sababu. Aliuliza kwa nini ndege akitua kwenye waya wa umeme hafi. Nikasema amezoea. Darasa likacheka, nikacheka nao, kana kwamba ulikuwa utani wangu. Haukuwa utani. Ndilo jibu nililokuwa nalo.

Alhamisi, 6 Juni.

Nimeipata! Ukurasa wa 112: sumaku ya umeme. Unachukua bolti nene ya chuma, unaizungushia waya, unapitisha umeme, na bolti inageuka sumaku. Mkaguzi ataona misumari ikiruka yenyewe. Nani atamkumbuka Mwalimu wa Jiografia na ramani zake za mvua?

Nimemwambia mke wangu kwamba cheo kiko mkononi. Kanisihi nisimwambie mama yake kwanza, tusubiri. Nimechelewa, nilishamwambia mama mkwe wakati wa chai. Yuko kwetu tangu mwezi uliopita kwa ajili ya matibabu ya miguu yake. Akauliza kama mwalimu wa taaluma ni mkubwa kuliko mume wa binti yake mdogo, ambaye ni meneja wa ghala. Nikasema, mama, usilinganishe.

Jumamosi, 8 Juni.

Nimekaa maabara peke yangu tangu saa tatu asubuhi nikizungusha waya. Kazi ya kuumiza shingo. Mizunguko mia moja nimeizungusha kuelekea kulia. Halafu, kwa sababu mimi ni mwalimu wa Uraia na upendeleo nauchukia, nikazungusha mia moja mingine kuelekea kushoto. Pande zote zipate haki. Kazi safi! Nikaunga betri, nikabonyeza swichi, nikasogeza msumari.

Hamna kitu. Msumari umelala pale mezani bila habari. Nikabadili betri. Hamna. Nikapuliza. Nikaigonga bolti kwa kiatu. Nikashuku bolti, nikashuku hali ya hewa, mwisho nikamshuku Mwalimu wa Jiografia, aliyepita dirishani saa tano akanisalimia kwa adabu iliyopita kiasi.

Jumapili, 9 Juni.

Akili yangu hufanya kazi vizuri nikiwa bafuni. Ndani ya kila spika ya redio kuna sumaku, tena kali. Sumaku ya kudumu! Haidai waya wala betri. Nikiigandisha kwenye kichwa cha bolti na kuificha ndani ya boksi la viatu, bolti itavuta misumari itake isitake. Boksi litakaa juu ya mafungu mawili ya vitabu, bolti itatokeza chini kupitia tundu na waya wake wote ukionekana, swichi itakuwa pembeni. Nani atafungua boksi?

Redio iliyopo nyumbani ni moja, ya mama mkwe. Alipokwenda kanisani niliifungua kwa bisibisi. Sumaku ilikuwa imegandishwa kwa gundi. Nikavuta. Ikatoka, pamoja na kipande cha spika ambacho, kwa maoni yangu, hakikuwa na kazi kubwa.

Jumanne, 11 Juni.

Mama mkwe kawasha redio asikilize taarifa ya habari ya asubuhi. Kimya. Akaigeuza, akaitikisa, akaniita. Nikamwambia kituo kimefungwa kwa muda, mitambo inakarabatiwa. Akauliza vituo vyote? Nikasema vyote, mama.

Sikufikiria matokeo. Sasa kwa kuwa hana redio, anaongea na mimi. Nimesikiliza habari za shamba la jirani yake tangu shamba lilipokuwa pori. Nimekwenda shule bila kumaliza chai.

Jumatano, 12 Juni.

Majaribio maabara, mlango nimeufunga. Bolti imevuta misumari tisa! Tisa! Nimecheza kidogo. Betri mbili nimezitia ndani ya boksi na kuziunga kwenye waya, ili mambo yaonekane ya haki.

Nikitoka, nimekutana na Mwalimu wa Jiografia koridoni. Kaniuliza kama nahitaji msaada wowote, maana Fizikia aliisoma chuoni mwaka mmoja. Hebu ona ujanja huo! Nikamshukuru, nikamwambia ahangaike na mito na maziwa yake.

Ijumaa, 14 Juni.



Mkaguzi ni mama mtu mzima, miwani yake inaning'inia shingoni kwa kamba. Alikaa nyuma ya darasa pamoja na Mkuu. Nilivaa tai. Nikatangaza kwamba leo wataona umeme ukizaa sumaku. Nikabonyeza swichi kwa mbwembwe. Nikasogeza misumari. Ikaruka, saba kwa mpigo! Darasa likapiga makofi. Mkuu akatabasamu. Mkaguzi akaandika kitu. Nilijiona nimekwishaketi ofisini kwangu, mlango nimeufunga, watu wanabisha hodi.

Ndipo Wakili akanyoosha kidole. Akaomba nizime.

Nizime ili iweje? Mimi nilisoma ukurasa wa 112. Mambo ya kuzima yako ukurasa wa 113. Lakini Mkaguzi naye akasema ndiyo, Mwalimu, zima. Nikazima.

Misumari ikabaki pale pale. Saba yote, imening'inia.

Wakili akauliza, kwa upole kabisa, mbona umeme haupo na misumari haijadondoka. Nikasema umeme haukatiki ghafla, mwingine hubaki ndani ya waya, ukipewa dakika mbili utaisha. Tukasubiri dakika mbili. Darasa zima likiitazama misumari. Tukasubiri nyingine mbili. Mkaguzi akavaa miwani. Nikasema pengine huu ni umeme wa aina imara zaidi.

Hapo mlango ukagongwa. Mwalimu wa Jiografia! Akaomba radhi kwa kukatiza kipindi. Akasema asubuhi saa ya ofisi ya walimu ilikuwa imesimama, naye hakutaka Mkaguzi aikute hivyo, kwa hiyo alikuja maabara akaazima betri mbili kutoka kwenye boksi la viatu. Ameshapata nyingine, hizi hapa, ahsante sana. Kisha, nia yake ikiwa njema kabisa, akaongeza kwamba ile sumaku ya spika aliyoikuta humo hakuigusa.

Nilitamani ardhi ipasuke, niingie na tai yangu. Mkuu alikuwa anaangalia viatu vyake.

Mkaguzi hakunifokea. Heri angefoka. Alikuja mbele, akatoa sumaku, akaiweka kando, akaunga betri mwenyewe, akajaribu. Hata msumari mmoja haukusogea. Akawaambia wanafunzi watafute kosa. Wakazunguka meza. Wakili akafuata waya kwa kidole, akahesabu kwa sauti, akafika katikati, akasimama. Akasema huu waya unakwenda huku, halafu unarudi kule. Akawaambia wenzake washike bolti kwa mkono wa kulia, vidole vifuate njia ya mkondo, dole gumba lionyeshe kaskazini ya sumaku ilipo. Nusu ya kwanza, dole gumba juu. Nusu ya pili, dole gumba chini. Nusu moja inajenga sumaku, nyingine inaibomoa, na kinachobaki ni sifuri. Nilijaribu kwa mkono wangu, mfukoni. Ni kweli.

Wakaufumua waya. Wakauzungusha upya, upande mmoja tu, wakipokezana, wakigombana, Wakili akiwasimamia. Swichi! Misumari kumi na moja! Zima! Ikadondoka yote mezani kwa kishindo, na darasa likalipuka kwa kelele. Nami nilipiga kelele. Nakiri hapa: kwa dakika nzima nilisahau cheo. Nilifurahi kweli, sijui kwa nini.

Jumapili, 16 Juni.

Nimerudisha sumaku redioni. Sasa msomaji wa habari anasikika kama mtu aliyefunikwa na sufuria. Mama mkwe kasikiliza kidogo, kaizima, kaniangalia muda mrefu. Kasema, mwanangu, mitambo yao hawajaimaliza. Sikujua kama ananihurumia au ananisuta. Mke wangu alijifungia jikoni, nikamsikia anacheka.

Jumatatu, 17 Juni.

Mkuu kasoma ripoti ya Mkaguzi mbele ya walimu wote. Wanafunzi wa Kidato cha Tatu wanafikiri, wanabishana kwa hoja, wapongezwe. Makofi. Mwalimu wa taaluma awe Mwalimu wa Jiografia, kwa kuwa ni mkweli na anajali hata saa ya ukutani. Makofi tena. Nilipiga makofi pia. Yeye akaja kunishika mkono, akasema angependa nimsaidie kupanga ratiba. Nikamwambia nitaangalia nafasi yangu.

Mimi nilikuwa mstari wa mwisho wa ripoti. Napelekwa mafunzo ya siku tatu ya misingi ya Fizikia.

Jumatano, 19 Juni.

Nimelitafakari jambo hili kwa siku mbili, na sasa naliona vizuri. Mafunzo! Walimu thelathini na mmoja shuleni, na aliyechaguliwa ni mmoja. Mwalimu wa Jiografia kapewa ofisi ili akae, mimi napewa safari ili nikue. Nimemweleza mama mkwe kwamba Mkaguzi mwenyewe ndiye aliyenipendekeza, kwa maandishi. Akauliza kama yule meneja wa ghala aliwahi kupendekezwa kwa maandishi. Nikasema, mama, usilinganishe.

Barua imefika leo. Siku ya kwanza kila mshiriki ataonyesha jaribio lake mwenyewe, mbele ya wakufunzi, kuhusu mwanga: jinsi kipande cha kioo chenye pembe tatu kinavyougawa mwanga mweupe kuwa rangi saba. Kioo hicho sina, na sioni haja ya kuhangaika nacho. Nimetafuta tochi kali, nimenunua karatasi laini za rangi, nimezikata vipande vyembamba na kuvigandisha kwenye lenzi, kimoja kimoja. Nimejaribu ukutani chumbani. Inapendeza ajabu! Dukani walikuwa na rangi sita tu, lakini sidhani kama kuna mtu atakayehesabu.