Mwenyekiti na Chumba cha Mfano

Jumatatu, 3 Machi

Shajara, niwie radhi. Tangu mvua zilizopita sijakuandikia hata mstari mmoja. Si uvivu, ni uchovu. Mdogo wangu anaishi kwetu sasa, na usiku hutembea sebuleni, kutoka mlangoni hadi dirishani, taratibu, kwa adabu, amevua viatu ili asituamshe. Hilo ndilo linaloniamsha. Mwenye viatu ningemzoea.

Amelazwa mara tatu katika wodi ya zamani ya magonjwa ya akili. Daktari anasema arudi kutibiwa, maana hali inashuka. Mwenyewe hataki. Anasema ule mlango wa chuma ukibamizwa husikika hadi tumboni, na kwamba hatalala tena chini ya dirisha lililopachikwa juu kama la ghala. Wodi mpya ikijengwa kwa ajili ya binadamu, atakwenda. Ikijengwa kama ile, tusimsumbue.

Na mwenyekiti wa kamati ya ujenzi ni nani? Mimi! Maisha yangu yote ubao na chaki, hatimaye jengo. Nimekwisha kuamua: ukuta mrefu, lango kubwa, na juu ya lango jina langu kwa herufi za shaba.

Leo msanifu majengo ameleta ramani. Binti mdogo, rika la kitinda mimba wangu. Hakuna ukuta! Kuna ua wa maua unaofika kiunoni. Nikamwuliza lango liko wapi. Akajibu kwa heshima zote kwamba hakuna lango, Mzee, watu watapita tu.

Watapita tu! Kama mbuzi.

Jumanne, 4 Machi

Saruji anaiunga mkono ramani ya binti. Huyu ni mwashi mstaafu, jina tulimbandika kwa kazi yake, mjumbe wa kamati, hasimu wangu tangu tulipokuwa na nywele. Nilistaajabu, maana maisha yake yote hakuwahi kuona ukuta akasema unatosha. Nikapeleleza. Kumbe bustanini kutakuwa na benchi, na benchi litaandikwa jina lake! Watu wengine wana tamaa. Wanatumia hata wagonjwa ili wajitukuze. Nimesikitika sana.

Kamati imegawanyika nusu kwa nusu. Kura ya mwisho ni yangu, Jumatatu ijayo. Ningeimaliza kesho, lakini mama watoto ameniambia mbele ya mdogo wangu kwamba nikimkosesha shemeji yake matibabu kwa sababu ya herufi za shaba, nitafute wa kunipikia. Kwa hiyo nahitaji hoja. Hoja ya kitaalamu.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata hoja. Usalama! Nikamwita mdogo wangu kwenye kikao awe shahidi. Nani ajuaye faida ya ukuta kuliko mtu aliyekaa ndani yake? Njiani nilimfundisha la kusema. Aliitikia kwa kichwa, kwa utii. Nilipaswa kushtuka, hata shuleni aliitikia hivyohivyo, kisha akafanya lake.

Aliwasalimu wote, akakaa, akasema ukuta wa wodi ya zamani ameuruka mara mbili. Akaeleza kwamba alipofika pale hakuwa na nia ya kutoroka kabisa. Aliona ukuta, akajiuliza huko nje kuna nini cha kufichwa namna ile. Wazo alipewa na ukuta.

Saruji akacheka hadi akakohoa. Akanigeukia, eti Mwenyekiti, una shahidi mwingine, au huyu anatosha kukuzika?

Msanifu hakucheka. Alimwuliza mdogo wangu ni nini kilichomwumiza zaidi kule. Akajibu ni korido: ndefu, ina kona, hujui nani anakuja mpaka amekufikia. Binti akainama, akachora kona upya palepale mezani. Kikao kizima kikamsikiliza mdogo wangu kama profesa. Mimi nilikunywa maji.

Ijumaa, 7 Machi

Leo nilikwenda peke yangu kwenye kiwanja. Kwa kuta zilizokuja zimekwisha tengenezwa, msanifu amesimamisha chumba kimoja cha mfano na kipande cha korido ili tukione kabla ya kura. Nia yangu: kukaa humo asubuhi nzima, nikusanye kasoro, niziwasilishe wanakamati watakapokuja kukikagua.

Nilianza vizuri. Mlango ni wa mbao na unajifunga bila sauti: kasoro, mtu hajui kama umefungwa. Komeo liko upande wa ndani, ingawa muuguzi anaweza kufungua akiwa nje: kasoro, mgonjwa atajiona mwenye nyumba. Dirisha liko chini mno; ukilala unaona mti na ndege wanaogombana. Kasoro kubwa! Ili kuithibitisha, ilinibidi nilale.

Nikalala.

Niliamshwa na vicheko vya kamati nzima. Jua lilikuwa limehamia upande wa pili. Nilikuwa nimevuliwa kofia na kufunikwa shuka. Saruji akawauliza wenzake kama mkoromo ule nao ni hoja ya kitaalamu. Binti akasema, kwa sauti ya mtu anayejizuia, kwamba hajawahi kupata ripoti nzuri kama ile.

Mdogo wangu alikuwa ameketi kwenye kiti cha koridoni, pale ambapo mtu humwona kila anayekuja. Mama watoto alimtuma anitafute. Kumbe alikaa pale muda wote akimzuia kila aliyetaka kuingia. Aliwaambia wamwache kaka alale, hajalala tangu yeye ahamie kwake.

Nilitafuta kofia.

Jumamosi, 8 Machi

Mdogo wangu amefunga begi. Tangu alfajiri amevaa viatu ndani ya nyumba, kama mtu anayesubiri gari. Amesema chumba kile anakitaka, na ameniuliza Jumatatu nitapigaje kura. Mama watoto aliacha kuosha vyombo ili asikie.

Nikawaambia nitaipigia kura ramani ya binti. Mama watoto alinipa nyama mbili.

Baada ya kula, akili ikanijia. Nani alisema lango lazima liwe na ukuta? Nguzo mbili, juu yake boriti, juu ya boriti jina! Asiyetaka kupita langoni na apite pembeni. Nitaipitisha ramani kwa sharti hilo dogo. Benchi la Saruji litafunikwa na kivuli cha lango langu, litazame jinsi linavyopendeza.

Nimetafuta mahali pa kusimamisha nguzo. Kote ni bustani na mabomba. Pamebaki mahali pamoja tu penye nafasi: mbele ya dirisha la kile chumba cha mfano. Ni pazuri mno! Mti hautaonekana, lakini mdogo wangu kila akifumbua macho ataliona jina la kaka yake, kwa nyuma. Nimelichora lango vizuri, kwa rula, nikamwonyesha.

Aliutazama mchoro. Akaniuliza kama litakuwa na kufuli. Nikamwambia lango lisilo na kufuli ni uchochoro. Akanishukuru, akaenda sebuleni, akavua viatu.

Nadhani amefarijika.

Uamuzi ukitoka Jumatatu, nitakuandikia saa hiyohiyo. Nitakuwa macho tu.