Kumi na Tatu kati ya Kumi

Jumatatu, 4 Machi

Tangu dunia iumbwe hajazaliwa mwongo hodari kama mimi. Sijisifu, natoa taarifa. Shule niliiacha darasa la saba katikati, si kwa ujinga. Walimu walikuwa wameishiwa. Wote isipokuwa mmoja, na huyo tumemzika wiki iliyopita. Jumamosi shule inafanya kumbukumbu yake, na mwanafunzi mmoja wa zamani atapewa nafasi ya kusema. Mmoja! Mtu huyo ni mimi. Bado hawajaambiwa.

Tatizo ni Bwana Tai. Tulikaa dawati moja. Siku hizi ni karani, anavaa tai hata akienda kununua chumvi. Leo kapita hapa kwa mjomba, ninapoziba pancha, akasema hotuba yake iko tayari, kurasa tisa. Nikamwambia yangu iko kichwani. Akasema huko basi itapata nafasi ya kujinyoosha. Mjomba akacheka mpaka akaangusha spana. Mjomba naye nimemtia kwenye orodha ya maadui.

Jumanne, 5 Machi

Nimekwenda kwa Mama, mke wa marehemu. Shikamoo ya unyenyekevu, kichwa chini, kofia mkononi. Akasema siku hizi sionekani. Nikasema kazi, Mama.

Sebule ni ileile. Vitabu hadi kwenye dari, chaki ndani ya bakuli la sukari. Bwana Tai alishatangulia! Kaacha kurasa tisa mezani, zimebanwa pini. Lakini Mama kasema hatachagua kwa hotuba. Atachagua kwa daftari.

Ah, daftari! Mwalimu hakuwachapa waliochelewa. Ulisimama mlangoni ukatoa sababu. Ikiwa mpya, aliiandika kwa wino wa kijani, akaipa alama kati ya kumi, ukakaa. Ikiwa ya zamani, alisema hiyo imeshatumika, rudi nje utunge nyingine. Wengine walitunga mpaka saa nne. Basi mwenye alama kubwa kuliko wote ndiye atakayesema. Keshokutwa, ofisini kwa mwalimu mkuu.

Nimerudi nikiruka. Bwana Tai alikuwa akiishi ukuta kwa ukuta na shule. Kachelewa mara moja tu maisha yake yote. Maskini.

Jumatano, 6 Machi

Nimejitolea kupangusa vitabu. Mama alipoingia jikoni kuchemsha chai, nikafungua daftari.

Mbili. Tatu. Mbili. Moja na nusu! Nusu ya nini? Sababu arobaini na moja nilizozitolea jasho, hakuna hata moja iliyofika tano. Bwana Tai, siku yake moja: “Nililala, Mwalimu.” Tisa! Pembeni kaandikiwa: “Ya kwanza ya aina yake mwaka huu.”

Nikatafuta ile ya kunguru. Hiyo ndiyo kazi yangu kubwa. Nilimwambia Mwalimu kwamba kunguru wamebeba viatu vyangu, kimoja asubuhi, kingine jioni. Akavua vyake palepale akanipa. Muhula mzima alifundisha na kandambili, hata wakaguzi walipokuja. Miaka kumi nawasimulia watu nilivyomtapeli. Nimeikuta: “3. Kunguru habebi kiatu. Mtoto hana viatu. Navaa namba saba, vitamtosha.”

Havikutosha. Mimi nilivaa saba na nusu. Sasa nani alimtapeli nani?

Nilisoma mara mbili, vumbi likaniingia machoni. Kisha nikachukua kalamu nikaongeza moja mbele ya ile tatu. Kumi na tatu. Tisa kwishney.

Alhamisi, 7 Machi

Mwalimu mkuu alisoma alama kwa sauti. Alipofika kwenye kunguru akasita. Bwana Tai akasimama, tai imempinda, akasema kumi na tatu kati ya kumi haiwezekani, hata darasa la pili wanajua. Nikasema wivu si hoja. Akasema na moja yenyewe ni ya bluu!

Mama akavaa miwani. Akaivua, akaifuta, akaivaa tena. Akaniangalia kwa muda ambao mtu angeweza kuziba pancha mbili. Akasema marehemu alikuwa na tabia ya kutoa zaidi ya alichonacho, kwa hiyo alama zibaki zilivyo.

Nafasi ni yangu! Bwana Tai kasema atashtaki. Mwalimu mkuu kamwuliza kwa nani.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeazima daftari ili nijiandae. Mpango: nitasimulia sababu zangu bora kumi. Shida ni kwamba sina. Nimechukua za wengine. Ng'ombe aliyelala mlangoni. Babu aliyemeza ufunguo. Jogoo aliyewika saa sita mchana. Nimezikariri zote kama zangu. Miaka imepita, nani atakumbuka uongo wa utotoni?

Jumamosi, 9 Machi

Wanakumbuka.

Ukumbi ulijaa, wengine wamekaa madirishani. Nilianza vizuri. Nilipofika kwa ng'ombe, mama mmoja mnene, muuguzi, akasimama nyuma akasema huyo ng'ombe ni wake. Nikasema tulikuwa na ng'ombe wanaofanana. Akasema wake alipata saba, mimi nilipata ngapi? Kabla sijajibu, polisi mmoja mwenye nyota begani akadai babu aliyemeza ufunguo. Akainuka fundi cherehani kumjibu: mwongo wewe, babu ni wetu, yako ilikuwa kufuli!

Basi. Watu wazima sitini, wenye kazi na wajukuu, wamesimama juu ya madawati wanagombea uongo wao. Kila mmoja anataja alama yake. Mwalimu mkuu akagonga kengele, hakuna aliyesikia. Bwana Tai, aliyeapa hatafungua mdomo, alipanda kiti akapiga kelele, “Mimi tisa! Mimi nililala!” Akapigiwa makofi.

Mama alikuwa mstari wa mbele. Alicheka hadi akashika mbavu, kisha akalia, kisha akacheka tena. Sikumaliza hotuba. Hakuna aliyeniuliza.

Jumapili, 10 Machi

Mjini wote wanazungumza habari zangu. Mjomba anasema wanazungumza habari za ng'ombe. Wivu.

Mama kaniita baada ya ibada. Ananiomba niende Jumanne nimsaidie kubeba vitabu, anavigawa kwa shule. Nimemwambia alfajiri nitakuwa mlangoni. Sababu ya kutokwenda nimeshaitunga, ina lori na mzinga wa nyuki, si chini ya nane.

Kwa jumla wiki imekwenda kama nilivyopanga. Kilichoharibika kweli ni kimoja, na si cha wiki hii. Mwalimu alipokuwa kitandani alinitumia mtu mara mbili: niende nikamdanganye kidogo, amechoka kuambiwa ukweli na daktari. Nikajibu tumezidiwa na kazi. Siku zote mbili hapakuwa na gurudumu hata moja.