Kitabu Chekundu cha Dada na Mbinu Zangu za Kukipata

Jumatatu, 3 Juni

Mimi ni mtaalamu. Watu husema "yule kijana wa fotokopi", lakini hayo ni ya kwao. Mashine yangu iko ndani ya maktaba ya chuo, kando ya dirisha, na hakuna karatasi ya maana isiyopita mikononi mwangu. Shule niliiacha kidato cha pili. Au yenyewe iliniacha, bado tunabishana. Ila elimu yote ya chuo hiki nimeishika kwa vidole, pande zote mbili, ikiwa bado ya moto.

Leo kuna zito. Dada yangu, kifungua mimba wa mama yetu, mchana anakagua mifuko mlangoni pa duka kubwa, jioni anasomea shahada ya kriminolojia, ndiyo elimu ya uhalifu na wahalifu. Mwaka wa mwisho! Mchana kutwa kasimama, jioni kainama anaandika. Mimi nikisimama kidogo tu magoti yanalalamika. Yule si mtu, ni chuma kilichovaa gauni.

Sasa mhadhiri wake kamrudishia pendekezo la utafiti. Wino mwekundu kama kachinja kuku juu yake. Mada kaisifu: makosa madogo ya watu wanaojiona wema. (Dada kaipata palepale mlangoni. Anasema kila anayemkuta na sabuni kwapani hushangaa kuliko yeye.) Ila vyanzo, kasema mhadhiri, ni vya zama za mababu. Anataka vya miaka hii ya karibuni, na lazima atumie toleo jipya la kitabu cha kozi. Mwisho Jumatatu ijayo. Asipopita, arudie mwaka. Na bosi wa duka ameshatamka kwamba ruhusa ya jioni mwisho ni mwaka huu. Kwa hiyo hakuna kurudia. Ni kuacha tu.

Dada hakulia. Aliosha sufuria mpaka Mama akamuuliza kama ana nia ya kuitoboa.

Nikavipekua hivyo vyanzo. Kimoja alikipata kwa muuza vitabu wa kando ya barabara. Kinasema mhalifu hutambulika kwa masikio! Dada akanipima yangu kwa rula, akasoma, akapima tena, akacheka mpaka akakaa chini. Kwa mujibu wa kitabu hicho mimi nilitakiwa niwe ndani zamani.

Alivyocheka vile, nikaapa. Vitabu nitaleta mimi.

Jumanne, 4 Juni

Mbinu ya kwanza. Rahisi mno, nashangaa wasomi hawajaifikiria. Kitabu kikizeeka, si unakivisha upya?

Nikakichukua kile cha masikio. Nikakichapia jalada la rangi, lenye kung'aa, mwaka wa juzi chini yake. Gundi kidogo, uzito juu yake, kikatoka kama bwana harusi. Jioni nikamkabidhi Dada kwa mikono miwili, nikasubiri sifa.

Hakutazama hata jalada! Alifunua moja kwa moja nyuma ya ukurasa wa jina, penye mwaka wa kuchapwa. Kisha akaruka hadi mwisho kwenye marejeo, akashuka nayo kwa kidole. Akanieleza taratibu kwamba kitabu kinaweza kuchapwa jana na bado kikawa kizee, iwapo wote kiliowasikiliza walishazikwa. Halafu anaangalia nani kaandika, nani kachapa, na kama waandishi wengine wamemjibu. Yote hayo kafanya kabla sijameza mate. Mwisho akanifungulia sura ya tatu. Inalalamikia wizi wa farasi mijini.

Nikamwambia labda farasi watarudi.

Akasema gundi lakini nimepaka vizuri. Dada ana roho nzuri sana.

Funzo: siku nyingine nibadilishe na ule ukurasa wa nyuma.

Jumatano, 5 Juni

Ushindi! Ngoja nipumue.

Hicho kitabu cha kozi, toleo jipya, maktaba ina nakala moja tu. Chekundu, kinene kama tofali. Hakiazimwi, husomwa humu humu. Na hakionekani! Dada kila jioni anakuta pengo. Mama mkutubi, mkuu wa maktaba, anaapa hakijatoka mlangoni. Basi kiko wapi, kimeota miguu?

Nikamwekea mtego Waziri. Waziri ni mwanafunzi mwenzake Dada. Si waziri wa kitu chochote, ila hufunga tai hata jua likiwa la kuchemsha maji, na huniita "kijana wa karatasi". Nikajifanya nafuta mashine. Macho yangu yakamfuata kwenye kioo cha dirisha. Akaangaza kulia, akaangaza kushoto, akaenda rafu ya magonjwa ya mifugo, akachomoa kitu kutoka nyuma ya vitabu vya mbuzi. Chekundu!

Niseme kweli hapa ambapo hasomi mtu: nilimvulia kofia. Chuo hiki hakifundishi mifugo tangu sijazaliwa. Ni nani atakwenda kwa mbuzi? Kichwa kile si cha kubebea tai peke yake.

Lakini mbele yangu ni mwanafunzi wa chekechea. Alipoondoka nikakihamisha. Nikakipeleka chini kabisa, nyuma ya ripoti za mvua za miaka ile, zilizolaliwa na vumbi lenye hadhi ya kuheshimiwa. Hapo hata panya huaga kabla ya kwenda. Kitabu sasa ni cha Dada peke yake, kesho jioni na kesho zote. Nimemwahidi zawadi tu, sijamwambia ni nini.

Nikamwambia Mama kwamba nyumba hii ina akili mbili, ya Dada na yangu. Mama akaniuliza yangu naitunzia wapi, mbona hajawahi kuiona.

Alhamisi, 6 Juni

Mungu wangu.

Asubuhi mama mkutubi aliniita mwanangu, akaniomba nimsaidie kubeba maboksi. Maktaba inapunguza takataka, akasema, machapisho ambayo hayajaguswa miaka. Yanakwenda kwa wanunuzi wa karatasi chakavu, wayasage. Nikabeba. Nikafunga kwa utepe, kwa ustadi. Kila boksi nikalipiga kofi la kwaheri. Akanisifu mbele ya watu kwamba vijana kama mimi wamebaki wachache. Nikapakia mpaka la mwisho, nikalipungia gari mkono.

Kichwani nilikuwa namwona Dada akikipokea kitabu, machozi yakimlenga, akiniita mwokozi. Mikono inabeba, akili iko kwenye sherehe.

Mchana nikaenda kuchungulia hazina yangu. Rafu nyeupe! Mvua zote zimekwenda!

Nikakimbilia kwa mbuzi. Usiniulize kwa nini, mtu akichanganyikiwa huenda anakokujua. Nikamkuta Waziri kapiga magoti, tai begani, jasho linamtiririka, anatoa kitabu kimoja kimoja. Tukatazamana. Akasema yeye anapenda sana habari za mbuzi. Nikasema hata mimi, tangu utotoni. Tukakaa pale tunasoma minyoo ya mbuzi, kila mmoja akimsubiri mwenzake aondoke.

Jioni Dada akafika. Akauliza, sasa hiyo zawadi yako niliyoahidiwa iko wapi? Nikajitia hamnazo. Nikasema mashine ina kelele leo, sisikii vizuri.

Hakupandisha sauti. Akanishika mkono wa shati, akaupangusa kwa kidole, akauliza kama anaulizia chumvi: vumbi hili la wapi, mbona mashine yako haina vumbi? Nikasema la maboksi. Maboksi ya nini? Ya mvua. Na kwa nini nikitaja maboksi unatazama chini? Basi, yakanitoka yote. Mbuzi, mvua, utepe, kofi la kwaheri. Polisi wangehitaji wiki na rungu. Dada kahitaji kidole.

Na haijaisha! Waziri alikuwa meza ya jirani, hakuna aliyemuuliza kitu. Akasimama mwenyewe, akakiri kwamba yeye ndiye aliyeanza! Dada alikuwa hajamtazama hata kwa pembe ya jicho. Nilijivuna mpaka nikasahau kwamba tumeangamia.

Ijumaa, 7 Juni

Dada kaomba ruhusa kazini. Asubuhi akatupeleka mimi na Waziri kwa mama mkutubi. Mimi nilishikwa sikio, lile lile la rula. Akasema tuseme wenyewe. Tukasema. Mama mkutubi akavua miwani, akatutazama bila miwani, ikawa mbaya zaidi. Akapiga simu kwa wanunuzi wa karatasi. Mashine yao ya kusaga husaga Jumamosi. Kimbieni, akasema.

Tukakimbia. Ghala lile ni mlima! Waziri alivua tai kwa mara ya kwanza, shingo yake nyembamba, nikamwonea huruma. Tukapasua maboksi. Utepe wangu haukukatika hata kwa meno. Waziri akaniuliza mjinga gani kafunga hivi. Nikamjibu ni fundi, si mjinga. Tukapekua ukame, tukapekua mafuriko, tukafika kwenye manyunyu, na hapo kikatokea chekundu! Pembe moja imekunjika. Tukakumbatiana kama ndugu waliopotezana, kisha tukaachana haraka.

Tukarudi tukidhani tutamkuta Dada anatafuna kucha. Wapi! Kakaa na mama mkutubi mbele ya zile kompyuta za pembeni ambazo wanafunzi huziegeshea mikoba. Nilipokuwa nakikimbilia kitabu, yeye aliuliza swali: kando ya kitabu hicho, wanaoandika mwaka huu wanaandika wapi? Mama mkutubi kidogo apige vigelegele. Kumbe chuo hulipia majarida ya kitaaluma, yenye utafiti mpya, na mwanafunzi huyafungua kwa namba yake ya usajili. Watu hawaulizi. Wanakuja kugombania kitabu kimoja.

Dada kachota makala za mwaka huu na mwaka jana, na kila moja kaikagua kama anakagua mfuko. Nani kaandika? Kawahoji watu gani, wangapi? Wenzake wanasemaje? Nyingine kazirudisha, anasema zina maneno makubwa na mifuko mitupu. Kisha akakichukua chekundu, akainyoosha ile pembe kwa kiganja, akatushukuru. Katushukuru! Baada ya yote yale!

Nimechapa makala zote mimi. Safi, hakuna hata mstari ulioliwa.

Jumamosi, 8 Juni

Leo nimehojiwa kitaalamu. Pendekezo linahitaji mahojiano machache ya majaribio, na Dada anasema wahalifu wanaojiona wema kaletewa wawili mpaka miguuni.

Kwanza akaniomba ridhaa. Akanieleza kwamba naweza kukataa, na naweza kuacha katikati. Hata usoni kabadilika, akawa mtu wa chuo. Nilitaka kumpigia saluti. Nikasema naridhia, ila jina langu liandikwe kwa herufi nene. Akasema jina halitaandikwa kabisa, nitaitwa Mshiriki wa Kwanza. Tukavutana. Nikaomba basi japo masikio yatajwe. Hapana.

Akauliza, ulipokihamisha kitabu, ulijiona unakosea? Nikashangaa kwa dhati. Kukosea? Mimi nilikuwa namsaidia mtu! Mwizi ni Waziri, aliyekificha kwa ajili ya nafsi yake. Dada kalamu ikaanza kukimbia, macho yanawaka. Akauliza, na wenzangu wengine wanaokihitaji kitabu hichohicho? Nikasema hao sikuwafikiria, si dada zangu. Akaandika hilo pia, akaniomba nirudie.

Akamhoji Waziri chumba cha pili. Nikatega sikio. Anasema yeye hakuficha, "alihifadhi". Na mwizi, anasema, ni kijana wa karatasi. Mtu hovyo!

Jumatatu, 10 Juni

Kawasilisha. Nilibana karatasi mwenyewe, pini zikasimama mstari mmoja kama askari. Akaondoka kwenda kazini moja kwa moja, mlangoni, mifuko ya watu. Hakupiga hata mwayo.

Ijumaa, 14 Juni

KAPITA! Kapita juu, juu kabisa! Mama kapiga kelele hadi jirani kaja kuuliza nani kafa. Hakuna kurudia mwaka, hakuna kuacha. Mhadhiri kaandika kwa wino wa bluu, kwamba vyanzo ni vipya na vimechujwa na mtu anayejua anachotafuta. Na sehemu aliyoipenda kuliko zote, ninanukuu, ni maelezo ya Mshiriki wa Kwanza, ambaye "hana chembe ya shaka kwamba yeye ni mwema".

Nimeisoma sentensi hiyo mpaka nimeihifadhi. Msomi mkubwa kanisifu kwa maandishi! Waziri ni wa Pili tu, leo kanipita bila salamu. Wivu.

Dada kaniambia nimesaidia kuliko ninavyojua. Kisha kaniambia nisisaidie tena. Huo ni unyenyekevu wake, anaogopa kunichosha.

Kwani nimefikiri. Utafiti wenyewe atauandika mwishoni mwa mwaka huu. Mhadhiri hataki vyanzo vilivyochacha. Na mimi, nikikaa kimya, wakati huo si nitakuwa chanzo cha kale, wa kuwekwa rafu moja na yale masikio? Siwezi kumwangusha dada yangu namna hiyo. Lazima niwe na jambo jipya la kuhojiwa.

Kwa hiyo leo, mama mkutubi alipokwenda kunywa chai, nimekihamisha tena kile chekundu. Safari hii sikufanya utoto wa kwenda rafu za watu. Nimekilaza ndani ya mashine yangu mwenyewe, chini ya trei ya karatasi, nikafunga kifuniko. Hapagusi mtu ila mimi.

Hakuna aliyeniona, na kesho napumzika kwa amani. Fundi anakuja kuichukua mashine kuipeleka kwenye matengenezo mji mwingine, nimeshaifunga kwa utepe.