Valvu Nane na Joto la Handeni

Jumapili, 8 Desemba 2024

Aibu. Baada ya ibada Baba aliwapakia wageni kwenye Landrova kuwarudisha: Raheli, mchumba wa kaka yangu Gerald, anayefundisha shule ya msingi hapa Handeni, na mdogo wake Loveness, aliyekuja kumtembelea. Mimi nilikaa nyuma nikitazama viatu vyangu. Injini ikawaka. Tik-tik-tik-tik. Binamu yangu Denis, mwenye miezi minane tu gereji kwa Mustafa lakini anatembea kama yeye ndiye aliyeunda magari, akapaza sauti dirishani: "Mjomba, hiyo gari au cherehani? Nikuletee suruali unipunguzie?"

Loveness akacheka mpaka akashika goti la dada yake.

Niliandaa jibu zuri sana. Lilikuwa tayari saa kumi jioni.

Jumamosi Landrova hii hii inapeleka mahari ya Gerald huko Lutindi, kwa kina Raheli. Loveness atakuwepo, anasikiliza. Lazima injini inyamaze.

Jumatatu, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru. Gereji imefungwa, Denis amelala. Nimesoma kitabu cha gari, kile cha Kiingereza. Nyumba nzima ni mimi tu ninayekielewa (Kiingereza nilipata B). Kumbe kelele inatoka kwenye valvu. Ziko nane. Kati ya kila valvu na mkono unaoigonga kuna nafasi ndogo sana, sehemu mbili za kumi za milimita. Ikizidi, inagonga. Unafungua kifuniko cha juu, unapima kwa fila geji, vile vibamba vyembamba vya chuma, unageuza skrubu, basi.

Na kuna hesabu tamu! Namba za valvu lazima zijumlike kuwa tisa. Valvu ya nane ikizama, pima ya kwanza. Ya sita ikizama, pima ya tatu. Nimeinakili mara mbili. Hakuna mtihani ulionifurahisha hivi.

Nikamwomba Baba ruhusa. Akasema gari linakwenda ukweni, si la kujifunzia, na nikiligusa atanigusa. Sikuona kama ni katazo la moja kwa moja.

Jumanne, 10 Desemba

Nimepata fila geji. Nilimwambia Mustafa kwamba mwalimu wetu wa fizikia anaihitaji. Akauliza, likizo hii? Nikasema ni mwalimu mwenye bidii. Denis akauliza kama najua valvu hazisetiwi injini ikiwa ya moto. Nikamjibu kwamba najua. Nilikuwa sijafika ukurasa huo.

Jumatano, 11 Desemba

Baba kaenda mnadani kwa bodaboda kununua beberu wa mahari. Nafasi yangu.

Kifuniko kikatoka vizuri, boliti moja tu ilipotea (nikaipata mfukoni). Valvu ya kwanza niliiweka kama kitabu kinavyosema. Kisha nikaegemea bodi, likaniunguza mkono. Hapo ndipo nilipowaza. Kitabu kimeandikwa na watu wa nchi za baridi. Handeni saa sita mchana hata spana haishikiki! Chuma kikipata joto kinatanuka, hiyo ni fizikia ya kidato cha kwanza. Kwa hiyo chuma cha hapa kimeshatanuka. Nikapunguza nusu. Halafu nikawaza tena: kama nafasi ndiyo kelele, kwa nini niache hata chembe?

Nikakaza zote nane. Hata karatasi ya daftari haipiti.

Nikawasha. Kimya! Jokofu la jirani lina kelele kuliko sisi. Baba akarudi, beberu kati yake na dereva wa bodaboda, akaegemea boneti akidhani gari limezimwa. Akaruka. Akauliza ni nani. Nikakiri. Akainama, akasikiliza sana, akasema: "Hm."

Kutoka kwa Baba hiyo ni shahada.

Ijumaa, 13 Desemba

Mzee Mhina, mshenga wetu, amekuja na masharti. Mzee Julius, baba yake Raheli, anatutaka saa nne asubuhi. Tukichelewa, faini. Ikifika saa sita hatujaingia uani kwake, wazee wake wanatawanyika na shughuli inasogezwa hadi baada ya Pasaka. Gerald, ambaye amesubiri miaka miwili, akageuka rangi ya majivu. Akauliza kama gari ni zima. Baba akasema: "Kaleb ameliweka sawa."

Jina langu na neno sawa, sentensi moja! Denis akaomba kuja nasi, eti kwa tahadhari. Nikasema gari limejaa. Baba akasema halijajaa.

Jumamosi, 14 Desemba

Tuliondoka mapema, wazee sita ndani wakiwa na suti, beberu amefungwa nyuma karibu na miguu yangu. Mzee Mhina aliusifu ukimya, akafanya mazoezi ya hotuba yake bila kupaza sauti. Akayafanya tena. Tulipopita Korogwe lori la mkonge likatupita. Kisha baiskeli. Baba akakanyaga mafuta zaidi, wala Landrova haikujali. Tulipoacha lami na kuanza kupanda, ikatoa moshi mweupe, ikahema, ikazima kwenye kona ya tatu. Stata ilizunguka kirahisi, kama inakoroga hewa.

Ilikuwa saa nne na nusu. Gerald akapiga simu za bodaboda. Wakasema mvua imeharibu njia, hawapandi.

Denis akafungua boneti, akaniuliza nimeweka nafasi ya ngapi.

"Sifuri."

Akauliza valvu ipi.

"Zote."

Nikamweleza kuhusu joto la Handeni. Akachuchumaa ghafla. Nilidhani anaangalia tairi. Alikuwa anacheka. Alipopata pumzi akawaeleza wazee kwamba joto la injini yenyewe ndilo linalotanusha vyuma, na bila nafasi valvu hazifungi, pumzi yote inavuja. Lazima ipoe ndipo isetiwe upya. Baba akavua koti, akalikunja, akalivaa tena. Nilitamani anigombeze.

Wazee wakasema hawawezi kupanda mlima kwa viatu vile. Saa tano ikapita. Gerald akakaa kwenye jiwe kama mtu aliyekwisha kuachwa. Wakati huo beberu alikuwa anatafuna kamba. Sikumwona, nilikuwa najionea huruma. Akaruka, akashika njia ya juu, ya kwenda Lutindi. Mahari bila beberu si mahari. Gerald akamkimbiza viatu mkononi, Baba nyuma yake, Mzee Mhina na fimbo yake, suti zote zikapotea kwenye kona.

Tukabaki wawili. Injini ilipopoa Denis akaiseti upya, mimi nikimtajia namba za jumla ya tisa. Fila geji ilikuwa mfukoni mwangu, hapakuwa na namna ya kuificha. Tik-tik-tik mpaka juu. Tukafika saa nane.

Tukasimuliwa. Beberu aliingia uani kwa Mzee Julius saa sita kasoro dakika nane, wakwe nyuma yake, wote wanahema, hakuna aliyeweza kusema. Mshenga ni nani, wakaulizwa. Mzee Mhina akainua kidole tu. Hotuba hakuitoa. Bibi mmoja akasema hajawahi kuona wakwe wanaokuja mbio, huyo kijana kweli anamtaka binti. Mahari ikapokelewa. Faini, kreti mbili za soda.

Loveness aliniletea pilau. Nilimwambia maneno mawili: "Asante" na "Eeh." La pili sikumbuki aliuliza nini.

Jumapili, 15 Desemba

Baba amesema nisiguse boneti ya gari lake mpaka nimletee wajukuu.

Lakini tuwe wakweli. Gari lingekuwa zima, wangeingia saa nne kama wakwe wa kawaida, na nani angewakumbuka? Gerald hajanishukuru. Nadhani bado amechoka.

Jumanne, 17 Desemba

Ujumbe wa Loveness, kwenye simu ya Gerald! Baba yake ana mashine ya kusaga ya dizeli, inagonga mpaka ndama hawanyonyi. Ndiyo itakayosaga unga wa harusi. Mzee Julius aliona mikono yangu ina oili siku ile, anaamini mimi ndiye niliyelifufua gari. Ananiomba nikaitazame.

Aliyelifufua ni Denis. Sikumsahihisha. Kumsahihisha mkwe ni kukosa adabu. Na katazo la Baba linahusu boneti. Mashine haina boneti.

Nimekaa na daftari tangu asubuhi. Lutindi kuna baridi, chuma cha kule kimesinyaa. Kwa hiyo hesabu inageuka: nafasi iwe mara tatu. Sijui kwa nini Denis hakuliona hilo.

Nimejibu kwamba nitafika Alhamisi. Wasisage chochote mpaka nije.