Matofali Yasiyochomwa

Jumatatu, 3 Juni
Nimeula! Kiwanda cha karatasi kinatupa majivu ya tanuri bure, lori zima. Mtaalamu wa semina ya kuokoa hewa niliyohudhuria alisema majivu hayo, chokaa na mchanga vikishindiliwa kwenye kalibu vinatoa tofali. Bila saruji, bila kuchomwa. Moshi haupandi, dunia inapumua. Nami nitapumua. Mama mkwe anakuja Jumamosi kukaa nasi, na mke wangu ametamka wazi: chumba cha uani kisiposimama, Mama atalala naye kitandani, mimi nitajua pa kwenda. Kitanda changu! Godoro limeshauzoea mgongo wangu.

Jumanne, 4 Juni
Nimefyatua matofali tangu asubuhi. Ya kijivu, yamenyooka, mazuri kuliko mwenyewe. Shemeji akapita. Ni kaka wa mke wangu, fundi mwashi, mtaani wanamwita Timazi, kama ile kamba ya kunyooshea ukuta, kwa kuwa hapindi hata kwa mzaha. Akasema matofali ni mazuri, ila yafunikwe na kumwagiwa maji asubuhi na jioni mwezi mzima, ndipo yakomae. Mwezi! Nikamuuliza kama mama yake anakuja amepanda kobe. Akasema haraka haraka haina baraka. Wivu tu huo. Fundi wa saruji atalipendaje tofali lisilo na saruji?

Alhamisi, 6 Juni
Nimegusa tofali kwa kidole. Kidole kimeingia. Lo! Nimefikiri sana, nikaona dawa ni moja: moto. Nikayapanga, nikatia kuni chini, mlango mbovu wa stoo, na tairi mbili. Moshi mweusi tii! Jirani akaanua nguo zake huku akiuliza kwa sauti kama hii ndiyo ile semina ya kuokoa hewa. Nikamjibu kwamba huu ni moshi wa mwisho. Mke wangu ananuka mpira na hasemi nami. Nusu ya matofali hayakupata moto, kuni ziliisha.

Jumamosi, 8 Juni
Chumba kimesimama! Kuta tatu za matofali yaliyopata moto, na turubai. Timazi alikataa kuingia. Alisimama nje, mikono nyuma, akitazama tu. Mama mkwe akafika, nikampokea mzigo, nikamwamkia kwa adabu zangu zote. Akakisifu chumba. Akatafuta pa kutundika mkoba, nikamwambia Mama agongelee msumari popote, ukuta ni wa kisasa. Akagonga mara moja. Ukuta ukashuka wote, taratibu, kama mtu anayepiga magoti. Hakuumia, Mungu mkubwa. Lakini alibaki amesimama uani, majivu kuanzia nywele hadi viatu, msumari mkononi. Nilitamani ardhi inimeze. Akaniambia kwa upole, pole mwanangu. Heri angenitukana.
Naandikia mkekani, sebuleni.

Jumatano, 12 Juni
Mama mkwe kayaona matofali yaliyonusurika moto. Kayafunika kwa magunia, anayamwagilia kama miche ya mboga. Nikamwambia anajisumbua bure. Akajibu kwamba mtoto hutambaa kabla ya kusimama, kisha akanituma maji. Siwezi kumkatalia mkwe. Timazi naye anafyatua mengine kwa majivu yangu. Yangu! Mgongo umekufa ganzi. Huko kitandani mama na binti wanacheka tu.

Alhamisi, 18 Julai
Chumba kimesimama, cha kweli. Nimeupiga ukuta teke kuujaribu, kidole cha mguu kimevimba. Mama kahamia, nami nimerudi kitandani kwangu. Raha iliyoje! Mtaa mzima unampongeza Timazi, unampongeza Mama. Majivu alileta nani? Shukrani ya punda.
Basi nimelala chali, nimetafakari kwa utulivu, na kosa langu nimelipata. Kuni zilikuwa mbichi. Kavu nimeshaziagiza.
Nimempigia simu shangazi wa mke wangu, nimemkaribisha aje akae nasi. Kafurahi mno, anafika Jumapili. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, chumba chake kipo tayari.