Kombe Letu la Ukuta wa Sebuleni

Mheshimiwa Baba Mkwe, mkaaji wa kudumu wa kiti chenye mito miwili; Mheshimiwa Mama Mkwe, mgeni rasmi na mpishi rasmi kwa wakati mmoja; Mheshimiwa Shangazi, mlinzi wa kikapu cha simu zetu tangu siku ya harusi; Shemeji, mtaalamu wa kupiga makofi kabla ya wakati; mdogo wangu uliyetupokea mizigo leo asubuhi; majirani mliokosa viti; na kwa namna ya pekee kabisa, Mheshimiwa Mume Wangu, fundi friji, Mwenyekiti wa Maisha wa Kamati Kuu ya Utabiri wa Soka, roho yangu, mwenye vishimo mashavuni ambavyo Kamati haijavitolea taarifa. (Vicheko. Mwenyekiti anaficha uso.)

Mimi, Katibu niliyeteuliwa siku nane zilizopita kwa kuvishwa pete, nina heshima kubwa ya kuwasilisha Mpango Mkakati wa Timu Yetu ya Taifa Kutwaa Kombe, ulioandaliwa na Mwenyekiti katika siku saba za fungate, bila simu wala redio kama Shangazi alivyoagiza, akiwa na kalamu na kadi za harusi zilizobaki, ambazo leo zimebandikwa, migongo nje, kwenye ukuta niliokuwa nimeutengea picha yetu mimi mjinga. (Mama Mkwe: "Pole, mwanangu.")

Ndugu wadau, katika kuzingatia haki, uwazi na utawala bora, likizo ya Mwenyekiti ya siku ishirini na nane imegawanywa ifuatavyo: siku saba kwa bibi harusi, ishirini na moja kwa mashindano yanayoanza kesho. Bibi harusi aliomba kupitia njia sahihi za kiutawala, yaani kwa kulia kidogo, aongezewe angalau siku tano. Ombi limepokelewa na linafanyiwa kazi. Hata hivyo Mwenyekiti, kwa huruma yake isiyopimika, aliapa kwamba timu ikitolewa, siku zote zitakazobaki ni za mke wake. (Shemeji anapiga makofi. Baba Mkwe anamfinya. Shangazi anakikumbatia kikapu.)

Sasa utabiri. Kwa mujibu wa utafiti wa kina uliohusisha watu watatu, mmoja akiwa Mwenyekiti na wawili waliobaki wakiwa Mwenyekiti baada ya kula, uwezekano wa kombe kuja kwetu ni asilimia mia na nne. Mechi ya kwanza tunashinda nne bila. Ya pili mbili bila, kwa kuwahurumia wageni. Robo fainali inakwenda penalti, na hapo Mama Mkwe atahamishiwa kwenye stuli ya jikoni, kwa kuwa takwimu zinaonyesha kila akikaa sebuleni tunafungwa. (Mama Mkwe: "Na chakula utahamishia wapi?")

(Mwenyekiti: "Mke wangu, nusu fainali umeiruka!")

Sijairuka, mpenzi, nimeihifadhi. Nusu fainali, data zinasema, kipa wetu atapangua kila kitu, kwa kuwa kanyoa upara, na upara, kwa lugha ya kitaalamu, unapunguza msuguano. Fainali ni bao la dakika ya tisini, wewe utabebwa juu juu na Shemeji, na glasi zetu mpya za harusi zitapata hasara inayokubalika. (Mwenyekiti anasimama, anapunga mikono. Hakuna anayemtazama machoni.)

Nikisema "Kombe", nanyi semeni "Letu"! Kombe! ("Letu," wanajibu kwa sauti ndogo.) Utabiri! ("Kazi!" anajibu Mwenyekiti peke yake.)

Mwisho, natoa shukrani kwa vijana wetu kumi na mmoja, ambao siku ya harusi yetu, saa tisa alasiri, walihitaji sare tu ili kufuzu mashindano haya, wakafungwa tatu bila. Mdogo wangu alininong'oneza leo tulipofika. Mume wangu, sikuwa na njia nyingine ya kukuambia. Hakuna mechi ya kwanza. Hatumo.

(Mwenyekiti anakaa. "Tatu?")

Bila.

("Saa tisa mimi nilikuwa nafanya nini?")

Ulikuwa unanilisha keki, nusu ikaangukia shela.

(Mwenyekiti anauendea ukuta. Anaibandua kadi ya fainali, anaigeuza, anaibandika tena, majina yetu mawili yakiwa nje. Kisha Shangazi anamsogezea kikapu, na yeye anakirudisha kwa mkono.

"Shangazi, simu yangu kaa nayo. Siku ishirini na moja.")