Ujumbe Usio na Salamu

Gazeti lililetwa na Reli, na alilileta ukurasa wa mbele ukiwa juu ili hata aliye ng'ambo ya barabara aone. Picha ilikuwa ya mwenyekiti wa kampuni ya Saruji ya Mwamba, kasimama kwenye jukwaa la siasa, kofia ya chama tawala kichwani, mkono hewani. Sisi watu kumi na wanane wa hapa Bondeni tuna hisa katika saruji hiyo. Kwa hivyo kofia ile ilikuwa yetu pia, upende usipende.

"Mmeona," Reli akasema, akijipenyeza kwenye baraza. "Kampuni yetu sasa inakula meza moja na serikali. Barabara zote zitamwagwa saruji yetu."

Jina lake hasa ni Nicanor, karani wa reli. Alihamishiwa Mombasa kwa miaka miwili, na huu ni wa kumi na tisa. Wa kumjibu siku zote ni Mung'aro, fundi wa friji, tuliyempa jina la Pilipili, mpinzani tangu yuko tumboni. Aliweka kikombe cha kahawa chini taratibu.

"Mali yangu haivai kofia ya mtu. Tuuzeni leo."

"Utakuwa umeuza kwa chuki."

"Na weye utakuwa umekaa nazo kwa mahaba. Mahaba hayalipi gawio."

Mimi nilikuwa kwenye cherehani yangu pale pale barazani, nashona kanzu, na sikuinua kichwa. Mambo haya nimeyasikia hadi nayaota. Saruji ikipanda, ni serikali imepandisha; ikishuka, ni upinzani umeroga. Hakuna aliyewahi kuuliza kiwanda kimeuza mifuko mingapi.

Aliyekuwa na haja ya kweli ya kuuza hakuwa na kofia wala jukwaa. Ni Chirau, tunayemwita Winchi kwa sababu ndiyo kazi yake bandarini, mwaka wa ishirini huu, kupanda ngazi na kuteremsha makontena. Mgongo umemkataa. Daktari kamwambia achague, winchi au miguu yake. Amepata tuktuk ya mkono wa pili kule Liwatoni, na mwenyewe amekubali kumwekea mpaka Jumamosi. Akiba yake ya miaka sita yote imo ndani ya saruji ile, na hawezi kuitoa peke yake, maana akaunti ni moja ya kundi zima. Kuuza kwataka kura kumi na mbili kati ya kumi na nane, na kura zetu hupigwa kwenye kundi la WhatsApp.

Sasa kundi hilo ndilo balaa lenyewe. Hapa barazani Reli na Pilipili humiminiana kahawa na kugawana kashata. Humo kwenye simu mmoja ni kibaraka, mwingine ni msaliti. Nimewaona kwa macho yangu wakitukanana kwa vidole huku mabega yamegusana, na Pilipili akimwomba mwenziwe amsogezee maji.

Mwezi uliopita matusi yalifika kwa mama za watu. Mzee Ishaq, mwalimu mstaafu na mkuu wa kundi, tunayemwita Spika, akapitisha sheria. Kila ujumbe uanze na salamu kamili, uulize hali ya jamaa, kisha uishe kwa dua. Usio na salamu, anaufuta. Sote tulisifu, na mimi nilituma vidole gumba vitatu. Uungwana ni vitendo, Spika akatuambia, na vitendo vikaanza.

Mchana ule nilichungulia kundi nikakuta Reli ameandika: "Bwana asifiwe, kaka Mung'aro. Natumai mama watoto hajambo na friji za watu zinapona. Baada ya salamu, wewe ni kasuku wa upinzani na ubongo wako umeganda. Mungu akuzidishie."

Jibu lilifika kabla sijakata uzi. "Salamu nyingi, kaka Nicanor. Wazee huko bara wazima? Mimi sijambo, ila macho yaniuma kwa kusoma upuzi wako. Ukilamba viatu vya wakubwa, kumbuka kusukutua. Nakuombea siha njema."

Spika alisoma zote mbili kwa sauti, miwani puani, akatikisa kichwa kwa furaha. Akasema hivyo ndivyo watu wa mji wanavyozungumza, na kwamba mwezi mmoja nyuma haya yangekuwa matusi.

Winchi alijisogeza karibu na Spika. Simu yake ilikuwa kwa kinyozi jirani, ikichajiwa. "Mwalimu," akasema, "saa nane hii. Soko lafungwa saa tisa. Fungua kura, nakuomba."

Spika akamwambia avute subira, wenziwe hawajamaliza kusalimiana.

Simu ya Spika ikalia. Akaitazama, akakunja uso, akabonyeza. Kwenye simu zetu ikaonekana ujumbe wa Ruweida umefutwa. Ruweida ana duka la leso Biashara Street, na ndiye mweka hazina wetu, anayezungumza na dalali wa hisa. Huandika kama anavyopima kitambaa, hazidishi hata shibiri.

"Alisema nini?" Winchi akauliza.

"Sikuusoma. Nimeona hauna salamu."

Dakika mbili, ukaja wa pili. Ukafutwa. Ukaja wa tatu, nao ukafutwa. Spika sasa alikuwa amekasirika kikweli. Alisema binti huyu amelelewa na watu wazuri, babake alikuwa haingii mahali bila kubisha hodi mara tatu, haya ameyatoa wapi. Akamtoa kwenye kundi mpaka kesho asubuhi, apate kujifunza. Ruweida akampigia, na Spika hakupokea. Akasema kama ni msamaha aje auombe mbele ya watu.

Nitasema na la kwangu, maana sitaki kuwasema wenzangu peke yao. Simu yangu nayo ilitetemeka juu ya cherehani. Nilidhani ni mwenye kanzu, niliyemuahidi Ijumaa ya juzi, nikaifunika kwa kitambaa.

Saa nane na nusu kura ilikuwa bado, kwa sababu hawajakubaliana iandikwe vipi. Pilipili alitaka iandikwe "kujitoa kwa mafisadi". Reli alitaka iandikwe "kukimbia maendeleo". Winchi alikwenda kwa kinyozi kuchukua simu yake, akarudi ameshika kiuno, akawakuta hapo hapo. Mwishowe Spika akaandika "kuuza" tu, kwa shingo upande, akaifungua. Kura za ndio zikaanza kuingia. Yangu, ya Winchi, ya Pilipili, ya watu wa maduka. Tisa, kumi, kumi na moja. Zikasimama hapo. Wa upande wa Reli wote walikuwa wamesema la, na saa ilikuwa yasonga.

Winchi akamgeukia Reli. Hakuandika kitu. "Nicanor, ndugu yangu. Mgongo wangu waujua. Weye ndiye uliyenipeleka hospitali."

Reli akainamisha kichwa. Nilimwona uso ukimbadilika, na naapa nusura anyanyue kidole. "Najua, Chirau. Ningekupa, haki ya Mungu. Lakini nikisema ndio, huyu hapa atasema nimesalimu amri."

"Nitasema," Pilipili akasema.

Na kweli angesema. Ningeweza kumtia kofi. Kura yake ilikuwa upande wa Winchi, ila mdomo ulikuwa wake mwenyewe, na hakuona shida yoyote katika hilo.

Nikakumbusha kwamba kura ya kumi na mbili ipo, ya Ruweida, arudishwe tu. Spika akasema sheria haivunjwi siku ile ile ilipotumika, tutakuwa tumeitia dharau. Atarudi kesho, atapiga kura, tutauza kesho. "Soko kwani lahama?"

Saa tisa ikapita. Muadhini wa alasiri alikuwa hajaadhini, ndipo Ruweida alipotokea kwa miguu, buibui limejaa vumbi upindoni, futi ya kupimia bado shingoni. Duka lilikuwa na watu wa harusi, alikuwa ameshindwa kuwaacha mpaka wamalize kuchagua. Hakuketi. Alilichukua gazeti la Reli kutoka mapajani mwake, lile lile, akaligeuza, akafungua ukurasa wa ndani kabisa na kuonyesha tangazo lenye upana wa viberiti viwili.

"Hisa za Mwamba zasimamishwa kuanzia kesho," akasema. "Haziuzwi, hazinunuliwi, mpaka hesabu zao zikaguliwe. Haijulikani ni mwezi au ni miaka. Leo ilikuwa siku ya mwisho. Niliandika mara tatu, nikapiga simu mara sita. Hata weye, Fundi," akanigeukia mimi, "nilikupigia."

Nilitazama kanzu. Spika alivua miwani akaifuta na shuka yake, akaivaa tena.

"Ungesalimu kwanza, mwanangu."

"Ningesalimu, Mwalimu. Nikaona saa yenda."

Reli akasema huu ni mkono wa upinzani, umefanya fitina huko Nairobi mpaka soko likaogopa. Pilipili akasema ni wakubwa wa serikali, wamekula saruji hata mifuko. Vidole vikaanza kwenda mbio. Simu yangu ikaingiza ujumbe wa kwanza, na ulianza kwa kumuuliza Pilipili hali ya wakwe.

Winchi alikuwa amelishika lile tangazo, alisoma na kulirudia. Akalikunja gazeti vizuri, akamrudishia Reli. Akanyanyuka kwa kushika nguzo, kidogo kidogo, kama anavyonyanyuka siku hizi, akashika njia ya Liwatoni kumwambia mwenye tuktuk asimngojee. Ruweida alimfuata hatua chache, kisha akasimama.

Hakuna aliyemwita Winchi. Alipokata kona, simu zetu zote zikalia kwa pamoja, na kila mtu akainama kutazama yake. Chini ya salamu mpya za Pilipili, kundi lenyewe lilikuwa limeandika maneno mawili tu: Chirau ameondoka.

Spika aliyasoma, akasikitika kwa dhati.

"Hata kuaga," akasema.